Mlima wa Senti za Tundu

Siku tuliyomzika baba, waliitoa ile fremu ya sarafu ukutani, wakaipangusa vumbi, wakaiegemeza juu ya meza ndogo karibu na picha yake. Ndugu yangu Mugendi, kitinda mimba wetu, ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Ana sauti nzuri, na alipofika katikati akasema kwenye kipaza sauti: "Mzee alipenda sana sarafu za zamani. Hizi mnazoziona hapa alizikusanya mwenyewe, miaka mingi, kwa mikono yake." Watu wa Kanja wakaguna kwa heshima. Wengine wakarefusha shingo waone vizuri. Mimi nilikuwa mstari wa mbele chini ya hema, mvua nyembamba ikipiga turubai, na damu ikanipanda kichwani mpaka masikio yakavuma. Kando yangu mama alikuwa ametulia kwenye kiti cha plastiki, shali imemfunika hadi kidevuni. Hakugeuka kuitazama fremu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Baba hakukusanya hata senti moja kati ya zile. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitaeleza kwa upole. Najua sisi watu wazima tunapenda kuambiana kwamba hasira hasara. Kwetu hasara ndiyo iliyotangulia, hasira ikaja baadaye, tena kwa kuchelewa sana.

Zilikuwa za cucu, nyanya yangu mzaa mama, mwanamke wa huku huku Kanja aliyekuwa akiuza maharagwe na ugoro sokoni Runyenjes tangu enzi za mkoloni. Kila mtoto aliyemzaa alimsokotea kamba ya mkonge. Akitoka sokoni alichagua senti moja ya tundu, zile zilizotobolewa katikati, akaitia kwenye kamba ya mmoja wao, leo huyu, kesho yule. Kati ya senti na senti alipiga fundo ili zisisuguane. Hazikuwa za karo wala za kununulia mbuzi. Mama alisema cucu akiulizwa ni za nini, alikuwa anajibu, "Za kunikumbusha nina nani." Uhuru ulipokuja na pesa zikabadilishwa, senti za tundu hazikununua tena hata njugu, lakini yeye aliendelea kuziomba kwa watu na kuzitia kwenye kamba. Shilingi zisizo na tundu, zile nyeupe zenye kichwa cha mfalme, alizifunga moja moja ndani ya ganda kavu la mgomba. Vyote vilikaa kwenye kiondo kimoja kikubwa ambacho mtoto hangeweza kukiinua. Alipofariki, kiondo kikaja kwa mama yangu, binti yake wa mwisho.

Muda si muda nikazaliwa mimi, binti wa pili, na jina la cucu likaniangukia: Wawira. Kwetu anayerithi jina harithi jina peke yake. Mama aliniita "maitu," yaani mama yangu, na hakuwa anatania. Wajomba zangu, wanaume wazima wenye ndevu na madeni, walinisalimia kwa unyenyekevu: "Mama, umeamkaje?" Nami nilikuwa bado napenga kamasi kwa mkono wa sweta. Nilipokataa kula uji, mama alisema, "Maitu hakuupenda uji wa wimbi hata alipokuwa mkubwa," na suala likaishia hapo.

Wakati ule tulikuwa tukiishi Meru mjini, nyumba ya kukodi upande wa Kinoru, kwa sababu baba alikuwa karani wa ofisi huko. Jumapili tulisikia kelele za mpira kutoka uwanjani bila kuona kitu. Jikoni kulikuwa nyuma, chumba cha mbao, na kiondo kilining'inia kwenye msumari mbali na ukuta wa moshi. Mvua za Meru zikiisha, kila kitu ndani ya nyumba kikiwa na harufu ya kofia iliyonyeshewa, mama alikishusha, akatandika gunia juani, akaleta kitambaa na chupa ya mafuta ya mbarika. Mimi nilikaa kwenye kigoda kwa sababu ndimi niliyekuwa mwenye mali.

"Maitu," mama aliniambia, "mlete Njiru tumpake mafuta."

Nami nilichakura kiondoni nikamtoa Njiru, kamba ndefu na nzito, na mama akaipitisha kidogo kidogo ndani ya kitambaa, senti baada ya senti, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha Igoki. Kisha wengine. Niliwagombeza nilivyosikia mama wengine wakigombeza: wewe Njiru mchafu, umetembea wapi na kutu yote hii? Mjomba Njiru mwenyewe alikuwa mtu wa kitambi anayefanya kazi ya barabara, lakini hilo halikunisumbua. Nilidhani kila mtu ana mwili mmoja wa kutembea nao na mwingine wa senti unaotunzwa na mama yake. Kamba ya mwisho ilikuwa ya Nyaga. Ilikuwa fupi, senti chache halafu fundo moja kubwa, kwa sababu Nyaga alikufa kabla hajasimama dede. Huyo mama alimpaka polepole zaidi, na vidole vyetu vilinuka shaba na mbarika mpaka jioni.

Baba alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mlevi. Hakuwahi kuinua mkono juu ya mama. Mshahara ulifika nyumbani ukiwa mzima. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, alipenda vitu viwe nyuma ya kioo. Vyeti vyake, picha ya harusi, hata risiti ya baiskeli, vyote alivipigia misumari juu karibu na dari vikiinamia wageni. Siku moja alialikwa kwa bosi wake, akaona fremu ya vipepeo vilivyodungwa pini, akarudi nyumbani si yule tuliyemzoea.

"Mama Wawira," alisema, "sisi tuko na kitu kubwa kuliko hiyo ya bosi, na imefungiwa jikoni na vitunguu."

Mama alicheka. Kwanza alidhani ni mazungumzo tu. Baba alipoendelea, mama akampa zile shilingi nyeupe, kwa sababu hizo hazikuwa za mtoto yeyote. Baba akazivua maganda ya mgomba, akazijaza kwenye chupa kubwa ya peremende, akaiweka juu ya redio. Zilipendeza majuma mawili. Mvua iliponyesha chupa ikatoa jasho ndani, na shilingi zikaota kijani kama mkate uliosahaulika. Mama hakusema "nilikwambia," ila alipokuwa akipita karibu na redio aliziba pua.

Baada ya chupa ikaja meza. Baba alizipanga chini ya kioo cha meza ya sebuleni, na kwa muda tukawa na vita vya vitambaa. Mama alitandika kitambaa chake alichofuma kwa mkono, kama meza yoyote yenye adabu inavyotandikwa. Baba alikiondoa ili sarafu zionekane. Mama alikirudisha. Halafu mgeni mmoja akamwaga chai, ikapenya chini ya kioo pamoja na sukari, na sisimizi wakajenga ukoo hapo. Baba akaenda duka la vitabu kuulizia albamu yenye mifuko ya plastiki, akarudi mikono mitupu akisema plastiki ni ya watu wa stempu. Nasimulia haya kwa kicheko kidogo kwa sababu kweli yalichekesha. Laiti yangeishia hapo.

Jioni moja tukiwa mezani alisema ameshaongea na fundi seremala. Atatengeneza fremu ya kweli, pana kama dirisha, ubao chini na kioo juu. Shilingi pekee hazitaujaza ubao. Anahitaji na zile za kwenye kamba.

"Hapana," mama akasema.

"Si nitazirudisha?"

"Hazitoki kwenye kamba. Ukizitoa, utajuaje nani ni nani?"

"Senti ni senti, mama watoto. Hata moja haitapotea."

"Sio zangu," mama akasema, na nakumbuka alivyokiweka kijiko chini. "Ni za mama. Kama unazitaka, muulize mwenyewe."

Aliposema vile alikuwa anafunga mlango. Mwenyewe alikuwa kaburini Kanja. Ilikuwa ndiyo njia ya heshima ya kumwambia mume, asubuhi na jioni, kwamba hapati. Lakini baba alinitazama mimi nikitafuna ndizi, na nikaona tabasamu likimjia.

Jumamosi iliyofuata alivaa koti. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akapiga hodi mbele. Alikuwa amebeba sukari, majani ya chai na soda ya chungwa, kama mtu anayekwenda ukweni. Alivua kofia. Hakuingia ndani, alisimama kizingitini na macho chini, kwa sababu mwanamume wa kwetu hamkazii macho mama mkwe wake wala hakai naye karibu.

"Mama mkwe," alisema, "nimekuja na ombi. Naogopa hata kulisema."

Mimi niliangua kicheko. Nilikuwa na miaka saba, na baba yangu mrefu alikuwa ananiogopa. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na karai la maji ya vyombo.

"Sema," nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya cucu.

"Naomba kuwatoa watoto wako gizani. Nataka watu wawaone. Nitawang'arisha, nitawawekea kioo. Bila ruhusa yako siwezi."

Nilimtazama mama. Huwa nayarudia yale macho yake kichwani. Hakutikisa kichwa. Hakunikonyeza. Alinikodolea macho tu kama mtu anayesubiri hukumu, na mimi mtoto nikasoma pale kwamba ananingoja niseme jambo zuri. Soda ilikuwa baridi, jasho linaiteremka ubavuni.

"Nimekubali," nikasema.

Baba alipiga makofi. Mama akaenda nyuma akamwaga maji. Jioni ile alipika akiimba wimbo wa kanisa tangu mwanzo hadi mwisho, beti zote, na mimi nikalala nikijua nimemfurahisha kila mtu.

Fundi alikuja na ubao. Walifanyia kazi uani, mama akiwa jikoni akichagua maharagwe, ametugeuzia mgongo. Walikata kamba kwa wembe. Nilisikia mafundo yakikatika, na senti zikamwagikia ndani ya beseni moja, Njiru, Igoki, wote. Wakazisugua kwa malimau, mchanga na waya wa kusugulia sufuria mpaka taji za wafalme zikafutika. Baba alikuwa amechora picha kwa penseli juu ya ubao, Mlima Kirinyaga. Senti za shaba ziwe mteremko, shilingi nyeupe ziwe theluji kileleni. Alizipanga kwa ukubwa, na kila senti ya tundu akaipigia msumari mdogo katikati ya tundu, kwa sababu tundu lilikuwa pale tayari. Walimaliza kwa kupaka vanishi juu ya vyote, mara mbili. Mpaka leo nikipita karakana ya samani na ile harufu ikanipata, nabana meno.

Ilipokuwa imetundikwa, mama aliingia sebuleni akifuta mikono kwenye aproni. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Nyaga yuko wapi?" akauliza.

"Nyaga nani?" baba akasema.

Hakujua. Miaka yote ile ya kuishi naye, alikuwa hajui. Akadhani swali lilikuwa dogo. "Ziko zote hapo," akaongeza kwa furaha. "Hata moja haijapotea." Wageni walikuja, bosi akaja na mchungaji akaja, wakasema ni Kirinyaga kabisa, ni theluji kabisa, karani ana akili. Mama aliwapakulia chai. Mchungaji alimwambia ana bahati ya kuolewa na mtu anayetunza historia.

Kesho yake asubuhi mama alisimama mlangoni na kusema, "Felista, lete maji."

Felista ni jina langu la ubatizo. Lilikuwa linatumiwa shuleni na kanisani tu. Nilidhani nimekua. Nilidhani "maitu" ni jina la mtoto mdogo, kama vile mtu anavyoachishwa kubebwa mgongoni, na nikajivuna mbele ya wenzangu kwamba nyumbani naitwa jina la vitabuni. Sikuitwa maitu tena. Wala wali, wala nguo, wala karo havikupungua. Mama alinilea vizuri, akanisomesha, akaniombea. Ila aliniita Felista, na mkono wake ulikuwa na haraka kila unaponigusa.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto ndipo nilipong'amua. Tulikuwa kwenye harusi huko Runyenjes, na bibi mmoja mzee akamwita binti yake, mwanamke mwenye mvi na miwani, "Maitu, hebu nishike mkono." Nikaganda na sahani yangu. Jina lile halikui. Halimwishi mtu. Mimi nilikuwa nimevuliwa, na nilijua siku niliyovuliwa.

Wanasema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Kwetu tembo hawakupigana. Walikaa vizuri, wakanywa chai chini ya mlima, na nyasi zikaumia vilevile. Nilimkasirikia baba kwa kuchukua mila ya watu na kuifanya mchezo wa kuigiza ili apate alichonyimwa. Kisha nikamkasirikia mama zaidi, kwa sababu baba angalau hakuwa anajua alichokifanya. Watu wanaotaka niombe msamaha kwa lile "nimekubali" wasinisogelee. Nilikuwa na miaka saba, watu wazima wawili walisimama kila mmoja mlangoni kwake, na hakuna aliyeniambia nachagua nini.

Basi juma lile la mazishi, wageni walipokwisha tawanyika na turubai limekunjwa, Mugendi aliingia mchana na fremu kwapani. Alitaka kujua kama anaweza kuipeleka kwake Nairobi. Aliuliza kwa adabu, maskini, wala hajui lolote.

"Weka chini hiyo kitu!" nikamfokea.

"Kwani nimefanya nini?"

"Mugendi," mama akasema, "nenda uangalie ng'ombe." Naye akaenda. Tukabaki wawili na mlima umelala mezani.

"Mama, nilikuwa na miaka saba," nikasema.

"Najua." Hakuuliza ninazungumzia nini.

"Basi mbona uliacha kuniita?"

Alikivuta kikombe chake karibu bila kunywa. "Nilimwona mama yangu akikubali," akasema. "Nilimwona kabisa. Akatoa watoto wake wote kwa soda."

"Alikuwa ni mimi! Mtoto!"

"Nimesema najua. Lakini ningemkasirikia nani? Baba yenu? Halafu mlale wapi? Kodi ya nyumba ilikuwa yake, mshahara wake, hata ile karai ilikuwa yake. Na hasira ilikuwa kubwa, Felista, ilikuwa lazima niiweke mahali. Wewe ulikuwa karibu."

"Uiweke kwangu mpaka lini?"

"Mpaka azikwe," akasema.

Nilidhani nikisikia ukweli nitalia. Sikulia. Nilimwambia hiyo si haki, nilisema kwa sauti iliyofika kwa majirani, nilimwambia nimebeba mzigo wa mtu mwingine maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunipokea hata mkono mmoja. Hakukana. Hakuomba msamaha pia, na hilo likanichemsha upya.

"Si haki," alisema nilipopumua. "Leta koleo."

Tulitoa kioo. Vanishi ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kushika kama utomvu, na misumari ilikuwa imeoza ndani ya matundu. Mingine ilitoka, mingine ilivunjika na kuacha vichwa. Mama alikuwa na kipande cha uzi wa mkonge mapajani, sijui alikuwa amekitayarisha lini. Aliokota senti moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Hii ni ya Nyaga," akasema.

"Umejuaje? Zimesuguliwa zote."

"Nimejua."

"Hujui. Unakisia. Hiyo hata ni kubwa, yake zilikuwa ndogo zote, mimi ndiye nilikuwa nazitoa kiondoni."

"Wewe ulikuwa mtoto, utakumbuka nini?"

"Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuulizwa ruhusa!" Nikampokonya senti. "Nyaga ni mtoto wangu mimi, si wako. Kwako ni ndugu tu. Mimi ndiye nitachagua."

Mama akanisukumia uzi juu ya meza.

"Basi chagua," akasema, "na uache kunipigia kelele nyumbani kwangu."